Bibi Mwenye Kidevu na Siri ya Nyumbani Kwao

Katika nyumba ya wazee tunakofanya kazi sisi dada wawili, huku kusini mwa Uingereza, saa za alasiri baada ya chai televisheni haikosi sinema za zamani zisizo na rangi. Wazee wetu wanazipenda mno. Wako ambao hawakumbuki wamekula nini asubuhi, na wengine hata majina ya watoto wao yamewatoka, lakini akitokea kwenye kioo mwanamke mmoja mnene, mwenye macho makubwa, kidevu kilichokunjamana mara mbili tatu na joho la kutupia mabegani, chumba kizima kinachangamka. Wanamtaja kwa jina lake la kwanza kama vile ni jirani yao. Margaret!

Jina lake kamili ni Margaret Rutherford. Alizaliwa London tarehe 11 Mei 1892 na kufariki mwaka 1972, maana yake amekufa kabla hata sisi hatujaanza shule. Hatukuwahi kumsikia tulipokuwa kwetu Korogwe. Tumemjua hapa kazini, kwanza kwa kuchekeshwa naye, baadaye kwa kusoma habari za maisha yake katika vitabu vya maktaba. Tulipofika kwenye habari za baba yake tulifunga kitabu, tukatazamana. Tunaandika haya kwa sababu ya mtazamano ule, na kwa sababu ya jambo la binti yetu ambalo tutalieleza mbele kidogo.

Kwanza tuseme alikuwa mwigizaji wa namna gani, maana katika sinema wapo wa aina mbili. Wapo wale wazuri wa sura ambao hadithi yote inawahusu, wanapendana, wanagombana, mwisho wanaoana. Halafu wapo wale wanaoingia mlangoni kwa dakika tano: shangazi mkali, mwalimu mkuu, mpishi, jirani mdaku. Hawa majina yao huandikwa chini kwa herufi ndogo, lakini ukitoka ukumbini ndio unaowakumbuka. Margaret Rutherford alikuwa wa aina hii ya pili. Hakuwa mrembo, naye alilijua hilo tangu usichana wake. Mhakiki mmoja aliyeogopwa sana London, Kenneth Tynan, aliandika kwamba mama huyu angeweza kuigiza kwa kidevu chake peke yake. Nasi tumekitazama kidevu hicho kwa makini, kwa kweli hakusema uongo.

Sasa tuje kwenye nyumba aliyozaliwa. Baba yake aliitwa William Benn. Babu yake, Julius Benn, alikuwa mchungaji. William alimwoa binti aitwaye Florence mwishoni mwa mwaka 1882, na muda mfupi baada ya arusi akili yake ikaharibika. Ilipoonekana ameanza kupata nafuu, baba yake yule mchungaji alimchukua wakapumzike pamoja katika mji wa Matlock, kwenye hewa nzuri. Huko, mwezi Machi 1883, William alimpiga baba yake kichwani akamuua. Mahakama haikumnyonga, kwa kuwa ilikuwa wazi kwamba hana akili timamu. Alipelekwa Broadmoor, hospitali ambayo Waingereza waliijenga kwa ajili ya wagonjwa wa akili waliotenda makosa makubwa.

Akakaa humo miaka saba. Mwaka 1890 madaktari walimwona amepona, wakamruhusu kurudi kwa mkewe ambaye muda wote huo alikuwa akimngoja. Waliliacha jina la Benn, maana lilikwisha kuandikwa katika kila gazeti, wakatumia jina lake la kati, Rutherford. Margaret akazaliwa. Wakahamia India, katika mji wa Madras, ili waanze maisha mahali ambapo hakuna anayewajua. Mama yake alikuwa mjamzito tena alipojiua kwa mkono wake. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitatu. Akarudishwa Uingereza kwa shangazi... la, tuseme sawasawa kwa Kiswahili chetu, kwa mama yake mkubwa, dada ya mama yake, aliyeitwa Bessie Nicholson na aliyekaa Wimbledon. Waingereza hutumia neno moja tu kwa shangazi, mama mkubwa na mama mdogo, ndiyo maana ukisoma vitabu vyao unapotea.

Mama Bessie alimlea kwa mapenzi makubwa, na vitabu vyote vinashuhudia hivyo. Lakini alimwambia mtoto kwamba baba yake naye amekufa. Kumbe hakufa. Aliugua tena, na mwaka 1903 alirudishwa Broadmoor. Margaret alikuwa na umri kama wa miaka 12 alipopata kujua kwamba baba yake yu hai, kwamba yuko katika hospitali ya wendawazimu, na kwamba alimuua babu. Baba huyo aliendelea kuishi hadi mwaka 1921. Hebu fikirini, msichana anakua, anasoma, anajifunza kinanda, na siku zote anajua kuna mtu nyuma ya ukuta ambaye hatakiwi kutajwa mezani.

Hapo ndipo tulipofunga kitabu. Kwa sababu nasi tulikuwa na mjomba.

Mjomba wetu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa redio na mtu wa nyimbo. Tulipokuwa wadogo alitoweka, tukaambiwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi. Kila tulipouliza atarudi lini tuliambiwa meli bado. Tukawa tunawatambia wenzetu kwamba mjomba wetu yuko Mombasa na atatuletea viatu. Siku moja tukiwa kwenye foleni ya bomba la maji, msichana mmoja tuliyegombana naye juu ya ndoo alitupasulia mbele ya watu wote: mjomba wenu ni kichaa, amefungiwa hospitali, baba yangu amemwona. Tulirudi nyumbani na ndoo tupu. Mama hakutupiga wala hakukana. Alikaa kwenye kinu kilicholazwa uani, akatuambia yote kwa sauti ndogo, halafu akatuagiza tusiseme popote. Tulikuwa na miaka 11 na 13. Kwa hiyo mtusamehe kama habari za Margaret Rutherford zilitugusa kuliko zinavyostahili kumgusa mtu anayetazama vichekesho.

Turudi kwake. Tangu shuleni Margaret alitaka kuwa mwigizaji, na Mama Bessie hakumkatalia, hata alimlipia masomo ya faragha. Lakini kazi aliyoipata ilikuwa ya kufundisha watoto kinanda na matamshi mazuri, kwa miaka mingi, pale pale Wimbledon. Mama Bessie alipofariki alimwachia fedha kidogo za kumtosha kuishi. Ndipo mwaka 1925 Margaret akaingia katika kundi la Old Vic, ukumbi maarufu wa London uliojulikana kwa michezo ya Shakespeare. Umri wake ulikuwa miaka 33. Wenzake wengi walioanza naye walikuwa wasichana wa miaka kumi na tisa na ishirini. Alipewa nafasi ndogondogo kwa msimu mmoja, kisha hakuongezewa mkataba. Akarudi Wimbledon kufundisha kinanda.

Akina mama wenzetu, hapa tunataka mkae kidogo. Mara nyingi katika magazeti maisha ya watu mashuhuri husimuliwa kana kwamba walifungua mlango tu wakaingia. Huyu aliufungua mlango akiwa na miaka 33, ukafungwa, akarudi kwenye kinanda. Kisha akajaribu tena, akakubali kuwa mtu wa akiba, yaani yule anayejifunza maneno ya mwigizaji mwingine akae nyuma ya pazia kungoja kama mwenzake ataugua. Mwaka 1930 alikuwa Oxford na kundi la mji ule. Jina lake lilianza kujulikana hasa mwaka 1938, katika mchezo uitwao Spring Meeting uliotengenezwa na John Gielgud. Hesabuni wenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 46, umri ambao kwetu mwanamke huanza kuitwa bibi.

Mwaka uliofuata Gielgud alimpa nafasi ya Miss Prism, mwalimu wa nyumbani mwenye usahaulifu, katika mchezo wa Oscar Wilde uitwao The Importance of Being Earnest. Mwaka 1940, akitaka kuonyesha kwamba anaweza pia kutisha, aliigiza Mrs Danvers, yule msimamizi wa nyumba mwenye roho ngumu katika Rebecca. Lakini watu walimtaka kwa kicheko, na Julai 1941, London ikiwa imetoka tu kupigwa mabomu, wakampata. Mchezo uliitwa Blithe Spirit, wa Noël Coward. Margaret aliigiza Madame Arcati, mwanamke anayedai kuongea na roho za wafu na ambaye huendesha baiskeli kutoka kijiji hadi kijiji. Kwetu tungemwita mpiga ramli, ila wapiga ramli wa kwetu hawaji kwa baiskeli na sketi ya sufu. Uzuri wa kazi yake ni huu: hakumfanya Madame Arcati kuwa tapeli wala mjinga. Alimwigiza kama mtu anayeiamini kazi yake kwa moyo wote, mwenye nguvu na adabu zake, na kwa sababu hiyo watu walicheka mara mbili. Mchezo huo ulionyeshwa London mara 1,997. Mwaka 1945 David Lean aliutengeneza kuwa sinema, na Margaret yumo. Hiyo ni miongoni mwa sinema chache za wakati ule zenye rangi ambazo wazee wetu huomba zirudiwe.

Baada ya hapo kazi hazikukoma. Mwaka 1947 alikwenda New York na mchezo ule ule wa Wilde, safari hii si kama Miss Prism bali kama Lady Bracknell, mama mkubwa wa kutisha. Mwaka 1949 alikuwa profesa wa historia katika Passport to Pimlico, sinema ya mtaa wa London unaogundua kwamba kwa mujibu wa hati ya kale si sehemu ya Uingereza. Mwaka 1950 alikuwa mwalimu mkuu katika The Happiest Days of Your Life, ambamo shule ya wasichana inapelekwa kwa makosa ya wakubwa kukaa pamoja na shule ya wavulana. Ile ya mwisho tunawashauri muitafute. Sisi tuliosoma shule za bweni tuliitazama huku machozi yakitutoka kwa kucheka, jinsi anavyoingia getini na mizigo yake, kifua mbele, kama jeshi zima.

Kuhusu ndoa yake kuna jambo ambalo wasomaji wa ukurasa huu watalielewa mara moja. Huko Oxford mwaka 1930 alikutana na mwigizaji aitwaye Stringer Davis, kijana mpole aliyeishi na mama yake. Mama huyo, inasemekana, hakumwona Margaret kuwa anafaa kwa mwanawe. Basi wakangoja. Walingoja miaka kumi na mitano, hadi mama mkwe alipofariki, wakaoana mwaka 1945. Bibi arusi alikuwa amekwisha kupita miaka hamsini. Tumebishana sana kuhusu miaka hii kumi na mitano. Mmoja wetu anasema ile ilikuwa heshima kwa mzazi. Mwingine anasema ulikuwa woga wa mwanamume. Hatujaafikiana mpaka leo, tumekubaliana kuyaandika yote mawili.

Lakini kwa yaliyofuata hatubishani. Stringer Davis hakuwa mwigizaji mkubwa, na hakujifanya. Alikuwa katibu wa mkewe, mbeba mizigo wake, msomaji wa barua zake. Katika sinema nyingi za Margaret ukitazama vizuri utamwona mzee mmoja mwembamba amesimama pembeni: mwenye hoteli, padre, karani. Ni yeye. Na nyumbani alikuwa na kazi ambayo magazeti hayakuijua. Margaret alikuwa akipatwa na vipindi vya huzuni kubwa, ule ugonjwa ambao hospitali zetu huuita sonona. Alipozidiwa alilazwa katika hospitali za magonjwa ya akili, na hata kutibiwa kwa umeme kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Kisha alirudi jukwaani akachekesha watu. Wakati wote wa uhai wake habari hizo zilifichwa. Stringer alimuuguza, alimsindikiza, alinyamaza.

Tunaposoma hayo tunaona vitu viwili kwa pamoja. Tunaona upendo, maana ni wanaume wangapi wangekubali kuwa wa pembeni katika picha ya mke wao kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano? Na tunaona ule ukuta wa Wimbledon ukijengwa tena. Mama Bessie alificha, mume naye akaficha. Hatuwalaumu. Enzi zile mwigizaji aliyejulikana kuwa na ukoo wa wagonjwa wa akili, na mwenyewe kaugua, angeonekana hafai hata kuwekewa bima na watengenezaji wa sinema. Lakini mtu aliyefichwa na wengine hujifunza kujificha.

Alipofika karibu miaka sabini ndipo alipopata kazi iliyomfanya ajulikane dunia nzima. Kampuni ya MGM ilimtaka aigize Miss Marple, yule bibi mpelelezi wa vitabu vya Agatha Christie. Inasemekana mwanzoni alikataa, kwa sababu hakupenda kuifanya mauaji kuwa burudani. Waliomshawishi hawakujua ni kwa nini neno mauaji lilimsumbua mama huyu kuliko waigizaji wengine. Mwishowe akakubali, akatengeneza sinema nne: Murder, She Said mwaka 1961, Murder at the Gallop mwaka 1963, kisha Murder Most Foul na Murder Ahoy! mwaka 1964. Miss Marple wa vitabuni ni bibi mwembamba anayefuma sweta na kusikiliza. Miss Marple wa Margaret Rutherford anapanda farasi, anafanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu akiwapeleleza, na katika ile ya mwisho anapigana kwa upanga ndani ya meli. Aliyavaa mavazi yake mwenyewe ya nyumbani, na Stringer akaandikiwa nafasi maalumu ya Bwana Stringer, mtunza maktaba ambaye ni rafiki yake wa kupeleleza naye. Agatha Christie hakuzipenda sana sinema hizo, lakini kitabu chake cha mwaka 1962, The Mirror Crack'd from Side to Side, alimtunukia Margaret Rutherford.

Wakati huo huo, mwaka 1963, ilitoka The V.I.P.s, sinema ya wasafiri waliokwama kwenye uwanja wa ndege wa London kwa sababu ya ukungu. Wakubwa wa sinema hiyo ni Elizabeth Taylor na Richard Burton, waliokuwa wakiandikwa na magazeti kila siku kwa mambo yao. Margaret alikuwa mwanamke mwenye cheo cha Duchess aliyefilisika, anayesafiri kwenda Florida kutafuta fedha za kuiokoa nyumba yake, na anaogopa ndege. Ni nafasi ndogo tu. Aprili 1964 nafasi hiyo ndogo ilimpatia tuzo ya Oscar, akiwa na umri wa miaka 71. Malkia naye alikwisha kumpa nishani mwaka 1961, na mwaka 1967 akampandisha cheo akawa Dame, ambacho kwa wanawake ni kama Sir kwa wanaume. Mtoto aliyefichwa jina la ukoo wake sasa aliitwa kwa cheo mbele ya taifa lote.

Miaka ya mwisho sisi tunaifahamu vizuri kwa sababu ndiyo kazi yetu. Mwaka 1966 alikuwa jukwaani London katika mchezo wa kale The Rivals, akiigiza Mrs Malaprop, mwanamke anayekosea maneno. Maneno yenyewe yakaanza kumpotea kweli, ikabidi aache. Ulikuwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao madaktari huuita Alzheimer. Yule aliyejifunza maneno ya watu wengine nyuma ya pazia kwa miaka mingi sasa hakuweza kuyashika hata ya kwake. Stringer alimtunza nyumbani kwao Buckinghamshire hadi alipofariki tarehe 22 Mei 1972. Mwezi Julai waigizaji wakubwa wa Uingereza walikusanyika katika kanisa la St Paul's, Covent Garden, linaloitwa kanisa la waigizaji, wakamshukuru Mungu kwa ajili yake, na mwigizaji mzee Sybil Thorndike akamsifu. Stringer alimfuata mwaka 1973, kama ilivyo kwa wengi wanaouguza muda mrefu. Wamezikwa pamoja katika uwanja wa kanisa la St James, Gerrards Cross.

Sasa jambo la binti yetu. Tunasema yetu kwa sababu kwetu mtoto wa dada ni mtoto, ingawa aliyemzaa ni mmoja wetu. Mwaka jana alipata mchumba, kijana wa Morogoro tuliyempenda tangu siku ya kwanza. Mshenga alileta barua ya posa kwa kaka yetu Korogwe, mambo yakaenda vizuri, na kama ilivyo desturi wazee wa upande ule wakauliza: katika ukoo wenu kuna kifafa, kuna ukichaa, kuna ukoma? Kaka akatupigia simu usiku. Baba mkubwa na wazee wengine walikwisha kukubaliana kwamba jibu ni hapana. Mjomba alifariki mwaka 1988, wakasema, hakuoa, hakuacha mtoto, kwa nini kumfukua?

Hatukulala. Tulijua kwamba binti yetu mwenyewe hajui. Kwa miaka yote hiyo agizo la mama pale kwenye kinu lilikuwa bado linatufunga, na binti yetu alikua akijua tu kwamba bibi yake alikuwa na kaka fundi wa redio. Tulizungumza kwanza na daktari, tusije tukasema tusichokijua. Alitueleza kwamba mtu ambaye ndugu yake wa damu aliugua yuko katika hatari kubwa kidogo kuliko mtu mwingine, lakini kwamba walio wengi hawaugui kamwe, na kwamba faida ya kujua ni kuzitambua dalili mapema na kutibiwa. Kisha tukampigia binti, sisi wawili kwenye simu moja, tukamsimulia habari za mjomba, na za Mombasa, na za bomba la maji. Alilia kidogo. Halafu aliuliza swali ambalo hatukulitegemea: "Mama, alikuwa anaimba nyimbo gani?" Hakuna aliyewahi kutuuliza hilo. Tukamwimbia moja, vibaya, kwenye simu.

Alimweleza mchumba wake mwenyewe, siku ile ile. Kijana akasema anamwoa yeye. Wazee wake hawakuwa wepesi hivyo. Kaka, baada ya kubishana nasi kwa wiki mbili, aliandika jibu la kweli, mistari mitatu tu, akalitaja na jina la mjomba. Baba mkubwa amekasirika, hapokei simu zetu. Upande wa Morogoro walikaa kimya mwezi mzima, kisha shangazi mmoja wa kijana alimpigia kaka kwa siri akamwambia kwamba hata wao wana mtu wao, kifungua mimba wa baba yake, na kwamba ndiyo sababu kimya kimekuwa kirefu: wanabishana kama nao waseme.

Kikao chao kipo mwezi ujao. Jumapili iliyopita, tukiwa na siku ya mapumziko, tulichukua gari moshi hadi Wimbledon, kwenye nyumba ya Mama Bessie. Ukutani wameweka kibao cha buluu kinachosema kwamba Margaret Rutherford, mwigizaji, aliishi hapa. Tulisimama ng'ambo ya barabara tukakitazama. Kisha tukapiga picha, tukamtumia binti yetu.